Kigingi cha Pili

Vijana wa Baraka walipopanga viti vya kilio cha Mauwa, walivipanga kwa tao bila kukusudia. Uani palikuwa na mpapai upande mmoja na pipa la maji upande wa pili, basi viti vikajikunja kufuata nafasi iliyobaki. Mimi niliyetoka Uvira asubuhi ile, miguu imevimba kwa safari, nilikalia kiti cha mwisho, na jicho langu likaanza kazi yake ya siku zote. Likachukua kiti kimoja, likachukua cha pili na cha tatu, likatafuta mahali ambapo mtu angesimama na kamba moja akavifikia vyote sawasawa. Mahali penyewe palikuwa kando ya beseni la vyombo vichafu, pale msichana mmoja alipochutama akisugua sufuria. Sijawahi kuwa mwalimu wa hesabu. Nilikuwa mkunga hadi macho yalipochoka. Lakini tangu mwaka ule wa Fizi siwezi kuona kipande cha duara, iwe ukingo wa sahani iliyovunjika au kona ya ziwa pale Lweba, bila kutafuta kitovu chake, na aliyeniambukiza ugonjwa huo ndiye aliyekuwa amelazwa ndani, amefunikwa kitenge cha buluu.

Gari lilikuwa limejaa maneno tangu Uvira, ya mihogo na ya wakwe, hadi Makobola, ambako abiria hunyamaza bila kuambiana kwa ajili ya wale waliouawa wakazikwa pale pamoja. Tulipopita, maneno yakarudi. Mimi sikurudi nayo. Nilikuwa nafikiri jinsi ambavyo kufa na kuzikwa mahali panapojulikana ni bahati kubwa katika nchi yetu, na Mauwa ameipata, na bado nilimlilia njia nzima mpaka jirani yangu akanipa khanga yake nijifute. Baadaye, pale uani, Neema, binti yake wa kwanza, alikuja akaketi chini miguuni pangu. Macho yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa imara. "Mama mukubwa," akasema, "we ndo ulisoma naye. Papa yake alikuwa nani? Kila mara tukimuuliza alikufa lini, anajibu: alikufa wakati nilijua hesabu. Anaishia pale. Tulifikiri ni muchezo." Nikamwambia haukuwa mchezo. Nikamwambia asogee karibu.

Mwaka ule sisi wawili tulikuwa darasa la pili la sekondari pale Fizi, juu milimani, na tulilala chumba kimoja kwa shangazi yangu. Ulikuwa wakati wa chama kimoja. Asubuhi kabla ya masomo tuliimba na kucheza mbele ya bendera hadi jasho likatutoka. Majina yetu ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa, na kila mtu mzima aliitwa raia, hata shangazi, ambaye akisikia "raia" mlangoni alificha kuku kwanza ndipo akaitikia. Nyuma ya nyumba palikuwa na jiko la udongo lenye chumba kidogo ubavuni, na humo aliishi mama yake Mauwa. Nakikumbuka chumba kile kuliko vyumba vyangu mwenyewe nilivyolala baadaye: mkeka mmoja, mtungi, sahani ya bati na kikombe, vyote vyake peke yake, maana mjane aliye katika kilio hali chombo kimoja na watu. Hakuketi kwenye kiti. Hakusuka nywele. Hakumpa mtu mkono, wala hakumbeba mtoto wa mwenzake. Alivaa kitambaa cheusi kilichopauka hadi kuwa na rangi ya majivu. Aliingia katika kilio Mauwa akiwa angali wa kubebwa mgongoni, na sasa Mauwa alikuwa amemzidi kimo, na kilio hakijaisha.

Hakikuisha kwa sababu hapakuwa na kaburi. Katika vita vya waasi, askari walipokuwa wanapanda kutoka ziwani, baba yake Mauwa alikufa kwa homa nyumbani kwake, katika kijiji kilichokuwa juu ya barabara ya kushukia Baraka. Kaburi jipya uwanjani lingewaambia askari kwamba mpiganaji amezikwa hapo, kwa hiyo mkewe na kaka mkubwa wa marehemu walimzika ndani ya nyumba, kwenye shina la nguzo ya kati, wakasawazisha udongo na kutandika mkeka juu. Kisha wakakimbilia msituni. Nyuma yao kijiji kikateketezwa chote. Kaka mkubwa hakurudi. Waliorudi walikusanywa katika kambi kando ya barabara, na kijiji cha zamani kikaachiwa nyasi. Basi shahidi alibaki mmoja, mjane mwenyewe, na neno lake halikumtosha mtu. Wakubwa wa serikali walisema mumewe hakufa, yuko milimani na waasi, wakamtaka mama wa watu aende kujionyesha kwao kila wiki. Wazee wa ukoo nao walisema kilio hakiondolewi hewani: mjane hunyolewa kichwani pa kaburi, na jiwe huwekwa. Na kabla jiwe halijawekwa, desturi ilimkataza mjane kukanyaga kiwanja cha marehemu. Aliyejua mahali ndiye peke yake aliyekatazwa kwenda kupaonyesha. Nilipokuwa msichana niliona jambo hilo ni la kawaida. Leo linanikasirisha hadi natamani wazee wale wafufuke niwagombeze.

Mauwa alikuwa na siri yake juu ya jambo hilo, na siri yenyewe aliiokota masikioni, kama tulivyookota mambo mengi. Alasiri wanawake walikusanyika jikoni kwa shangazi kutwanga sombe, yale majani ya muhogo, na sisi tulikaa upande wa pili wa ukuta tukijifanya tunasoma. Mchi ulipokoma tulisikia. "Mutu akikufa anaacha kaburi," alisema jirani mmoja. "Huyu kaburi yake iko wapi? Banasema iko ku milima, iko na bunduki, na ndevu imefika hapa." Shangazi akamwambia apunguze sauti, mjane yuko ndani. Nilidhani Mauwa ataumia. Nilipomtazama alikuwa anatabasamu, amefumba macho, vidole vyake vimeshika kidevu chake mwenyewe mahali ambapo ndevu zingefika. Hakuwahi kuona uso wa baba yake akaukumbuka. Alichokuwa nacho ni zile ndevu za maneno ya watu, na alizipenda.

Somo la tao lilitufikia katikati ya kiangazi. Mwalimu wetu wa hesabu, Wilondja, alikuwa kijana wa palepale Fizi, mwenye koti moja la abakosti, vazi la chama, la kijivu lililotiwa kiraka kiwikoni. Bikari ya mbao ya shule ilikuwa imevunjika mguu, kwa hiyo alifundisha uwanjani kwa kamba na msumari, na siku ile alileta upinde wa kuwindia wa babu yake. Akaupinda mbele yetu. Mti uliojikunja, akasema, ndio tao, na uzi uliounyoosha kutoka ncha hadi ncha ndio kamba ya tao. Mwenye tao hana duara zima, lakini duara zima limo humo, halijapotea. Chukua nukta tatu juu ya tao. Nyosha kamba kati ya ya kwanza na ya pili, tafuta nusu yake, na kutoka hapo ingia ndani wima bila kuegemea upande wowote. Fanya hivyohivyo kati ya ya pili na ya tatu. Mistari miwili itakutana, na inapokutana ndipo palipokuwa na msumari. Kesho yake alitutuma kila mmoja alete kigae cha chungu chenye ukingo, tuchore mdomo wa chungu kizima kilichokwisha kuvunjika. Mimi wangu ulitoka kama yai, na darasa likanicheka hadi nikacheka na mimi.

Mauwa alipata wake mara moja. Kigae hakikuzidi kiganja. Alikipeleka jikoni kumwonyesha mama yake, akachora duara chini kwenye majivu, na mama akainama akitazama bila kukanyaga mstari. "Hii kipande inajua chungu yote?" aliuliza. Mauwa akasema inajua. Mama alikigeuza kigae mkononi kwa muda mrefu. "Na nyumba?" akasema. "Mawe ya chini ya ukuta ingali inabaki upande wa bonde. Batu banaopita kulima banasema." Niliona Mauwa anaacha kutabasamu. Alikuwa hakufikiri kwamba hesabu inaweza kufika huko.

Habari ilimfikia baba mdogo Etabo, mdogo wake marehemu, aliyekuwa anaishi Baraka na ndiye aliyesimama badala ya baba katika ukoo. Alipanda Fizi na kapu la ndagala, dagaa wakavu wa ziwani, akala bugali na sisi sebuleni, mjane akila peke yake upande wa jiko, na mlango kati yetu ukiwa wazi. Alikuja na neno lake pia: kilima chote cha kijiji cha zamani kimetolewa kuwa shamba la pamba, na mvua ikianza watu wote watapandishwa huko kwa salongo, kazi ya lazima ya serikali, majembe yageuze kila kitu. Baada ya hapo hakuna jiwe litakalobaki. Mwalimu Wilondja, aliyealikwa kula, akauliza kama nyumba ilikuwa duara kweli. Etabo aliweka tonge chini. "Duara moja, safi," akasema. "Siku ya kujenga, kaka alisimama ku kijiti, na mi ndo nilishika ncha ya kamba nikazunguka. Nilikuwa kijana, nilizunguka mbio mpaka nikaanguka. Kisha nikaenda Kalemie ku kazi." Wote wakacheka. Mimi nilikuwa nimekaa ninapomwona mjane kupitia mlango. Alikuwa ameinua kichwa kama mtu anayetaka kusema, lakini mjane hazungumzi wanaume wakila, na hakuna aliyegeuka kumtazama.

Tulipanda Jumamosi, baada ya Etabo kupata karatasi ya ruhusa ya kupita. Mama alitusindikiza hadi barabarani, akabaki pale chini, amesimama. Nyasi zilikuwa ndefu. Mawe tuliyakuta upande wa bonde kama alivyosema, yamejipanga kwa tao zuri, meusi kwa moto wa zamani. Upande wa mlima yalikuwa yamechukuliwa na watu kujengea kambini, isipokuwa jiwe moja. Mwalimu alichagua matatu ya upande wa bonde. Tukanyosha kamba, tukaikunja kutafuta nusu, na Mauwa ndiye aliyepimia mistari wima kwa pembe ya seremala, mdomo umekaza. Ilipokutana tukapiga kigingi. Kisha mwalimu akafunga kamba kigingini na kuzunguka nayo, na ilipita juu ya kila jiwe la upande wa bonde bila kukosa hata moja. Nilijivuna. Ilipofika upande wa mlima, lile jiwe la pekee halikufikiwa. Kamba iliishia hatua nzima kabla yake. Tulisimama tukilitazama. "Hiyo, ngombe baliisogeza," Etabo akasema, maana wafugaji wa juu hupitisha ng'ombe pale, na sote tukaona ni kweli. Tulichokuwa tunatafuta si mifupa, ambayo haiguswi. Tulitafuta makaa ya nguzo iliyoungua, ambayo yangebaki ardhini yameshuka wima. Etabo alichimba kigingini hadi goti. Udongo ulikuwa mwekundu, mgumu, haujawahi kuguswa na moto. Akachimba kidogo zaidi, kisha akaliegemea jembe. "Haiko hapa," akasema polepole. "Basi ni kweli batu banasema."

Chini barabarani mama alitusoma nyusoni kabla hatujafika. Aligeuka akatangulia. Lakini Mauwa, Mungu anisamehe kwa kukumbuka hili, alikuwa na furaha. Jioni ile alikula kama mtu aliyetoka safari ya mbali. Alimaliza bugali wake, akamaliza wangu, akalamba mafuta ya mawese vidoleni. Akaniambia sikioni, "Faida, papa iko muzima." Katika siku zilizofuata alicheza mbele ya bendera kuliko wote, akaanza kunieleza jinsi baba atakavyoshuka milimani, jinsi yeye atakavyomtambua kwa urefu wa mguu, maana watu walisema Mauwa ana mguu wa baba yake. Nilifurahi naye. Ningefanya nini? Wakati huohuo mama yake alirudi kwa wakubwa wiki ile, akawaambia tena kwamba alimzika mumewe kwa mikono yake, na wao, waliokwisha sikia habari ya shimo tupu, walimweka juani hadi alasiri.

Kisha likaja somo lile. Lilikuwa somo dogo, la kumalizia. Mwalimu Wilondja alimwita mwanafunzi mmoja ubaoni akamwambia aweke nukta tatu popote apendapo, ila zisikae katika mstari ulionyooka. Yule akaziweka ovyo kabisa, kwa ubishi. Mwalimu akachora, na duara likapita katika zote tatu. Akamwambia aweke nyingine tatu. Likapita. "Nukta tatu hazigombani kamwe," mwalimu akasema. "Kila mara zitakupa duara, hata kama duara lenyewe halikuwapo. Ukitaka kujua ukweli, uliza ya nne. Ikikataa, usiilaumu." Sijui hadi leo kama alikuwa anafikiria kilima wakati huo, au neno lilimtoka tu. Nilimsikia Mauwa ubavuni mwangu akivuta pumzi. Alikuwa ameshika kalamu, na mkono wake ulikuwa umesimama hewani, na kengele ilipolia alibaki hivyohivyo.

Alikwenda moja kwa moja jikoni, na mimi nyuma yake. Mama alikuwa anapepeta maharagwe. Mauwa aliuliza akiwa amesimama, bila salamu. "Mama, ile nyumba, baliigusa tena kisha kuijenga?" Mama akaendelea kupepeta. "Baliigusa," akasema. "Wakati ulizaliwa. Papa yako alisema mutoto anataka nafasi. Alibomoa ukuta ya upande wa bonde, akatoa kijiti ku nguzo, akakisogeza hatua moja chini, akazunguka na ileile kamba. Alizunguka ile upande tu. Hivi tulifanya sisi bote: mutoto akizaliwa, nyumba inaongezewa tumbo." Nguzo je? "Nguzo ilibaki fasi yake." Mauwa akashika ukingo wa mlango. "Juu ya nini haukusema?" Mama alimtazama, na katika uso ule uliochoka sikuona lawama hata kidogo. "Hakuna mutu aliniuliza," akasema, akamwaga makapi.

Nimekaa na jambo hili miaka mingi. Tao lile zuri la upande wa bonde, ambalo kamba yetu ililifuata bila kosa, halikuwa tao la nguzo. Lilikuwa tao alilolichora baba kwa ajili ya mtoto wake, kwa kamba ileile, kutoka kigingi cha pili. Etabo aliapa kwa duara alilolizungukia ujanani, na alikuwa Kalemie nyumba ilipoongezewa. Jiwe la pekee la upande wa mlima, tulilosema limesogezwa na ng'ombe, ndilo pekee lililokuwa linatuambia mahali alipolala. Mauwa aliyaona yote hayo pale mlangoni kwa mara moja, kabla yangu na kabla ya mwalimu. Alikuwa mwenye akili kutuzidi sote. Na kwa kuwa aliyaona, alijua pia kwamba zile ndevu hazikuwapo.

Siku kadhaa chakula chake kilinirudia mimi, na sikuweza kukila. Chumbani, kabla ya kwenda shule, alikaa ukingoni mwa kitanda na kiatu kimoja mguuni. "Nikinyamaza," aliniambia asubuhi moja, "mvua inanyesha, banalima, inaisha. Papa anabaki kule juu." Nilitaka kumwambia anyamaze basi. Nilitaka pia kumwambia aseme. Nilikuwa msichana wa umri wake, nikamfunga kiatu cha pili. Alasiri ile mtoto wa jirani, aliyekuwa ndio kwanza anajifunza kutembea, alijikwaa mbele ya mlango wa jiko akaanguka kifudifudi, akainua mikono yote miwili kwa mama yake Mauwa aliyekuwa karibu zaidi. Mama aliipeleka mikono yake nyuma ya mgongo na kuishikilia huko, akawa anamwita mama wa mtoto kwa sauti, huku mtoto akimlilia yeye. Mauwa alikuwa anateka maji. Aliiweka ndoo chini, akamwinua mtoto mwenyewe, na alipoinuka naye aliniambia, "Kesho tunapanda."

Mawingu yalikuwa yamesimama juu ya ziwa tulipopanda mara ya pili. Mwalimu alikuwapo, na Etabo, aliyekuja bila kuamini. Mauwa hakutaka nukta tatu. Alisema sasa urefu wa kamba tunaujua, maana kamba ilikuwa moja, kwa hiyo mawe mawili ya upande wa mlima yanatosha, na akaingia katika nyasi kwa magoti kutafuta la pili. Alilipata limezama, limefunikwa na masizi ya zamani. Akashika ncha ya kamba kwenye jiwe la kwanza, mimi nikavuta ncha nyingine na kuchora tao ndani ya kiwanja kwa kijiti. Akahamia jiwe la pili, nikachora tao jingine. Matao mawili yalikatana mbele ya miguu yangu. Nilisimama pale nikiogopa kusogea. Etabo alinyosha mkono kutaka jembe, lakini Mauwa hakumpa. Alichimba mwenyewe, polepole, akikwangua kama mtu anayefagia. Hakufika mbali. Udongo mwekundu uligeuka mweusi, mduara mweusi wenye unene wa paja, unashuka wima, na makaa yakamshika vidoleni. Akaacha hapohapo. Etabo alivua kofia. Mwalimu Wilondja aligeuka upande wa ziwa na kukaa hivyo, ameshika kamba aliyokuwa amesahau kuikunja.

Jiwe liliwekwa Jumapili, wazee wote wakiwapo, na mtu wa ofisini pia, aliyetazama makaa, ambayo Mauwa alimfukulia tena kwa mkono, akaandika, akashuka zake. Ndipo mama alipoitwa kutoka barabarani. Alipanda akiwa peke yake katikati ya njia, watu wamempisha pande mbili, na walimnyoa kichwani pa kaburi, wakamvua kile kitambaa cheusi wakakichoma. Shangazi alimpa mkono. Mama alitazama mkono ule kwanza kama hajui unashikwaje. Baada ya nyimbo aliinuka akaanza kutembea juu ya mawe ya upande wa bonde, jiwe hadi jiwe, akifuata tao, hadi alipofika kwenye shimo letu la kwanza, lile tupu. Akauliza nani alichimba pale. Tukamwambia. "Hapa ndo mutoto alikuwa analala," akasema, na kwa kiganja akatuonyesha ukubwa wa mkeka. Alituambia baba alikisogeza kigingi kwanza, akakipiga, kisha akasema mahali kilipo ndipo utakapokaa mkeka wa mtoto, ukuta mpya uwe mbali naye sawasawa kila upande. Tulikuwa tumechimba kaburi la baba mahali alipomlaza binti yake. Etabo alitaka kulifukia. Mauwa akamwomba amwachie, akapiga magoti, akalifukia kwa mikono, udongo kidogo kidogo, na alipomaliza akakaa juu yake, miguu ameikunja, hadi tulipomwita.

Mvua ilianza muda mfupi baadaye, na pamba ikapandwa, jiwe walilizunguka. Mama hakwenda tena kujionyesha kwa mtu. Kwa kuwa kilio kilikuwa kimeondolewa, ukoo ulimpeleka Baraka kwa Etabo kama desturi ilivyotaka, na Mauwa akaenda na mama yake, na shule yake ikaisha. Hilo nalo lilitoka katika shimo lile. Niliketi peke yangu kwenye dawati letu hadi mwisho wa mwaka, na mwalimu Wilondja hakuwahi tena kuleta upinde darasani. Aliolewa mapema, Mauwa wangu. Alizaa, alikausha samaki, aliuza, alikimbia vita vingine na kurudi, na kila nilipomtembelea tulizungumza mambo yote isipokuwa hayo.

Neema alinisikiliza hadi mwisho, kichwa chake kikiwa kimeegemea goti langu. Ndani walikuwa wameanza wimbo. Aliuliza kama mama yake alilia siku ile, na nikamwambia ukweli, kwamba mlimani hakulia hata tone. Neno lilimtoka wakati wa kushuka, pale barabara inapokunja na ziwa linaonekana lote. Alisimama akajitazama mikono, iliyokuwa nyeusi upande mmoja kwa makaa na myekundu upande wa pili kwa udongo wa lile shimo jingine, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa: "Faida, kama ningekosea hesabu, papa angekuwa angali muzima."